Walzi ya Vienna: jinsi ya kuzunguka kwa kasi bila kukanyagana

Walzi ya Vienna, dansi ya watu wawili wanaozunguka wakiwa wameshikana, haina hatua nyingi. Kuna sita za kuzungukia kulia, sita za kuzungukia kushoto, na tatu za kuvukia kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine. Ukizijua hizo unaweza kucheza ukumbini usiku kucha, na hakuna atakayegundua kwamba hujui kingine. Kazi iko kwenye mwendo. Katika mashindano ya kimataifa dansi hii huchezwa kwa vipimo 58 hadi 60 kwa dakika. Kila kipimo kina mapigo matatu na kila pigo lina hatua yake, kwa hiyo ni hatua 174 hadi 180 kwa dakika. Walzi ya polepole, ambayo wengi hufundishwa kwanza, huenda vipimo 28 hadi 30 tu. Piga hesabu mwenyewe: hatua sita, duara zima, zinakwisha kwa takriban sekunde mbili.

Anayeanza akisikia hivyo hukimbilia kuharakisha miguu, na hapo ndipo anapoharibu. Hatua tatu fupi kwa sekunde moja si jambo kubwa kwa miguu ya mtu mzima. Kinachowashinda watu ni kwamba wawili wanataka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Walzi hii ni mchezo wa zamu: mmoja anapita, mwenzake anapisha, kisha wanabadilishana. Mengi utakayosoma hapa chini yanarudi kwenye zamu hiyo, na kwa maoni yangu mwalimu asiyeifundisha tangu siku ya kwanza anawachelewesha wanafunzi wake.

Anza na sikio

Tafuta muziki wenyewe kabla ya kunyanyua mguu. Nyimbo za Johann Strauss, baba na mwana, na za Joseph Lanner ndizo zilizoipa dansi hii sura tunayoijua, na nyingi zinapatikana kwa urahisi. Kaa kitini, piga kofi kwenye pigo la kwanza tu la kila kipimo: MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili-tatu. Usipige makofi yote matatu. Ukiyafuata yote kwa kasi hiyo utahisi unakimbizwa. Ukilifuata la kwanza tu, muziki uleule unatulia ghafla, kwa sababu sasa unahesabu kitu kimoja kwa sekunde.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Okestra za Vienna zina mazoea ya kulitanguliza kidogo pigo la pili, lije kabla ya wakati wake hasa, na pigo la tatu libaki na nafasi. Ndiyo inayoupa muziki huo mbembeo wake. Usijaribu kulikimbiza kwa miguu. Shikilia ala nzito za chini, zile zinazopiga pigo la kwanza, na hayo mengine mawili yatajipanga yenyewe.

Ukishazoea, hesabu hadi sita badala ya tatu. Moja hadi tatu ni nusu duara ya kwanza, nne hadi sita ni nusu ya pili.

Viatu na sakafu

Kwa ufupi: soli iteleze kidogo lakini isikuangushe. Soli ya ngozi inafaa. Soli ya mpira hushika sakafu wakati mwili umeshageuka, na goti ndilo linalolipa gharama hiyo. Soksi tupu kwenye sakafu iliyosuguliwa ni hatari kwa kasi hii. Kiatu kiwe kimefungwa mguuni sawasawa. Ndara na viatu vya kuchomeka viache nyumbani.

Nusu duara, ukiwa peke yako

Tafuta mahali penye mstari ulionyooka: mpaka wa vigae, mbao za sakafu, au utepe uliobandika mwenyewe. Mstari huo ndio njia yako. Utazunguka huku na huku, lakini safari iende upande mmoja tu.

Tuanze na mzunguko wa kulia. Nusu ya kwenda mbele ni hii:

Moja: mguu wa kulia mbele, kisigino kikitangulia.
Mbili: mguu wa kushoto kando, ukiupita ule wa kulia, mwili ukiendelea kugeuka kulia.
Tatu: mguu wa kulia uungane na wa kushoto, na uzito uhamie kulia.

Sasa umeipa mgongo njia uliyokuwa ukiitazama. Nusu ya kurudi nyuma inafuata papo hapo:

Nne: mguu wa kushoto nyuma, hatua fupi, kwa vidole kwanza.
Tano: mguu wa kulia kando, mwili ukigeuka kulia.
Sita: mguu wa kushoto uungane na wa kulia, uzito uhamie kushoto.

Umerudi kuitazama njia yako, na mguu wa kulia uko huru kuanza tena. Huo ndio mzunguko mzima, kwa anayeongoza na kwa anayefuata pia. Tofauti ni kwamba anayeongoza huanza na moja, na anayefuata huanza na nne. Kwa sababu hiyo nawashauri wote wawili wajifunze nusu zote mbili peke yao kabla ya kushikana. Anayejua hatua za mwenzake humlaumu kwa nadra sana.

Mambo mawili yachungwe hapa. La kwanza ni uzito. Kwenye tatu na sita, kuunganisha miguu si kugusa tu. Simama juu ya mguu uliofika, kiasi kwamba ule mwingine ungeweza kunyanyuliwa bila wewe kuyumba. Ukibaki na uzito katikati ya miguu miwili, hutajua hatua inayofuata ni ya mguu gani, na kwa kasi ya dansi hii hakuna muda wa kuuliza. Nikiona watu wamekwama mwanzoni mwa kipimo, hutazama walichofanya kwenye tatu iliyopita, na mara nyingi jibu liko hapo.

La pili ni kugeuka. Mwili utangulie, mguu ufuate. Ukianza kugeuka kwa kuupinda mguu wenyewe, unalipinda goti, na vilevile unachelewa. Kiwiliwili kianze kugeuka pale kwenye hatua ya kwanza; ukifika ya pili sehemu kubwa ya mgeuko iwe imeshafanyika, na ya tatu ikamilishe.

Rudia hatua hizo sita polepole sana, bila muziki, ukikagua kama bado uko juu ya mstari. Kosa la kawaida ni duara lisilokamilika: kila mara unabakiza kidogo, na baada ya mizunguko minne umeuacha mstari kabisa. Kwa mzunguko wa kulia utajikuta unahamia kushoto kwa njia yako. Mara nyingi lawama ni ya nusu ya pili, ile ya kurudi nyuma, ambayo watu huifanya kwa woga.

Kushikana

Mnasimama karibu, mkitazamana, lakini anayefuata awe amesogea kidogo upande wa kulia wa anayeongoza. Mguu wa kulia wa kila mmoja uelekee katikati ya miguu ya mwenzake. Msogeo huo mdogo ndio unaopatia miguu pa kupita. Mkisimama sawasawa, pua kwa pua, mtakanyagana hata mkiwa mabingwa.

Mkono wa kulia wa anayeongoza unakaa mgongoni mwa mwenzake, chini kidogo ya bega la kushoto. Anayefuata anaulaza mkono wake wa kushoto juu ya mkono huo, kiganja kikitua karibu na bega. Mikono mingine miwili inashikwa kando, usawa wa macho ya aliye mfupi kati yenu. Kila mmoja anatazama kushoto kwake, juu ya bega la kulia la mwenzake. Viwiko visishuke. Viwiko vikishuka mnapoteza ile fremu inayomwezesha mmoja kuhisi mwili wa mwenzake unaelekea wapi, na anayeongoza huanza kusukuma kwa mikono, jambo ambalo halijawahi kumgeuza mtu vizuri.

Ukaribu huu uliwahi kuleta zogo. Dansi za watu wa kawaida wa Austria na kusini mwa Ujerumani, kama Ländler, zilikuwa zimeshawazoesha watu kuzunguka wawili wawili, na mkutano mkuu wa mataifa uliofanyika Vienna mwaka 1814 na 1815 ulisaidia kuisambaza walzi katika kumbi za Ulaya. Mwaka 1816, baada ya kuchezwa kwenye dansi ya kifalme nchini Uingereza, gazeti la The Times la London liliilaani kuwa ni utovu wa adabu. Leo mshiko huohuo ndio unaofundishwa kama kielelezo cha adabu ukumbini.

Kupita na kupisha

Sasa chezeni pamoja, polepole, mkihesabu kwa sauti. Kwenye moja-mbili-tatu anayeongoza ndiye anayekwenda mbele. Yuko upande wa nje wa duara na ana safari ndefu. Anayefuata anarudi nyuma; yuko ndani na safari yake ni fupi. Kwenye nne-tano-sita mambo yanageuka: anayefuata anapita nje, anayeongoza anakaa ndani na kupisha.

Anayekwenda mbele ni mlango, anayerudi nyuma ni bawaba. Bawaba ikitaka kusafiri kama mlango, vyote vinang'oka.

Kwa vitendo, hii ina maana kwamba ukiwa wa kupita, hatua yako ya kwanza iwe ya kweli, iingie hasa kati ya miguu ya mwenzako, na ya pili imzunguke. Wengi huogopa kumkanyaga, wakapiga hatua fupi, na kwa hofu hiyo ndipo wanapomkanyaga, maana wameshindwa kumpita na wamebaki mbele yake. Ukiwa wa kupisha, rudi nyuma kidogo tu, ugeuke, na umwachie njia. Usimkimbie. Anayerudi nyuma kwa hatua kubwa anamlazimisha mwenzake kumfukuzia, na duara linanyooka likawa mstari.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili: chezeni nusu duara moja, msimame kimya. Semeni nani alipita. Chezeni nusu nyingine, msimame, mseme tena. Mkifanya hivyo kwa dakika kumi mtakuwa mmepata kitu ambacho wengine hukitafuta kwa miezi. Linachosha, nakubali, na wanafunzi hulikwepa wakidai wanataka kucheza na muziki.

Kuongeza mwendo

Tumia metronomu, yaani kifaa kinachopiga mapigo kwa mwendo unaouchagua; programu za simu za kazi hiyo zipo tele. Anza na mapigo 90 kwa dakika, mwendo wa walzi ya polepole. Hatua zikikaa bila kuzifikiria, nenda 120, kisha 150, kisha 174. Usivuke daraja kabla ya kuzunguka urefu wote wa chumba mara kadhaa bila kuvunja hesabu.

Katika kila daraja kuna kitu cha kupunguza. Mtu aliyezoea walzi ya polepole huja na tabia ya kupanda juu ya vidole na kushuka, kupanda na kushuka, kama alivyofundishwa. Hapa hakuna nafasi ya hayo. Kupanda kubaki kidogo sana, magoti yawe laini wakati wote, na kichwa kiende kana kwamba dari iko chini. Hatua nazo zipungue: kadiri muziki unavyokwenda kasi, ndivyo mguu wa pili unavyokaa karibu zaidi. Kinachokua ni kuinamia ndani ya duara. Kwenye hatua ya pili na ya tatu mwili uegemee kidogo upande wa ndani wa mzunguko, kuanzia ubavuni, si kwa kukunja kiuno. Hiyo inazuia nguvu ya mzunguko isikutupe nje.

Mkichoka katikati ya wimbo, kuna njia ya heshima ya kupumzika: pigeni hatua moja tu kwenye pigo la kwanza na kubaki hapo kwa mapigo mawili, mkibembea kushoto na kulia. Watazamaji hudhani ni mapambo.

Kuvuka na kuzungukia kushoto

Usiguse mzunguko wa kushoto mpaka wa kulia uende kwa mwendo kamili. Najua wapo wanaofundisha yote mawili kwa pamoja. Matokeo yake mara nyingi ni mtu mwenye mizunguko miwili nusunusu.

Mzunguko wa kulia siku zote unaanza na mguu wa kulia wa anayeongoza, na baada ya hatua sita ni uleule wa kulia ulio huru. Ili kuanza na kushoto unahitaji kutumia idadi ya hatua isiyogawanyika kwa mbili, na hapo ndipo hatua za kuvukia zinapoingia: kipimo kimoja, hatua tatu, karibu bila kugeuka. Anayeongoza anapeleka kulia mbele, kushoto kando na mbele kidogo, kulia inaungana. Sasa kushoto iko huru. Kurudi kutoka kushoto kwenda kulia ni vivyo hivyo, kwa miguu iliyobadilishwa.

Mzunguko wa kushoto kwa anayeongoza: kushoto mbele, kulia kando, kisha kushoto inavuka mbele ya kulia. Halafu kulia nyuma, kushoto kando, kulia inaungana na kushoto. Angalia ule mvuko wa hatua ya tatu. Anayekwenda mbele ndiye anayevusha mguu. Anayerudi nyuma anaunganisha miguu kama kawaida. Kwa hiyo anayefuata, aliyeanza kwa kulia nyuma, kushoto kando, kulia kuungana, atavusha mguu wake wa kushoto kwenye hatua ya sita. Mvuko uwe mdogo na uzito uhamie juu yake kabisa. Asiyevusha hulazimika kukipinda kifundo cha mguu ili kumalizia duara.

Ni mgumu kuliko wa kulia, wala usijidanganye. Ukikosa kuukamilisha, utajikuta unahamia kulia kwa njia yako, yaani ukutani. Huko Vienna wanauheshimu: katika dansi kuu ya jumba la opera, inayofanyika Alhamisi kabla ya Jumatano ya Majivu, vijana wanaoifungua hucheza walzi ya kuzungukia kushoto, kisha hutolewa wito wa "Alles Walzer!", yaani wote wacheze walzi, na sakafu inakuwa ya wote.

Kizunguzungu

Ndani ya sikio kuna mifereji yenye majimaji yanayoueleza ubongo kwamba kichwa kinazunguka. Ukisimama ghafla, majimaji hayo yanaendelea kwenda kwa muda, na ubongo unaamini bado unazunguka. Hupatwi na kizunguzungu kwa sababu wewe ni dhaifu. Ni mwili unavyofanya kazi.

Dawa ni mazoea ya muda mfupi mfupi, kila siku ikiwezekana, badala ya saa nzima mara moja kwa wiki. Ukumbi unaopita usiufuate kwa macho, maana utakuwa ukungu. Macho yatulie kwenye kitu kinachozunguka pamoja nawe: sikio la mwenzako, ukingo wa bega lake. Usitazame sakafu. Ukianza kuhisi vibaya, vuka uzungukie upande mwingine, au ingia kwenye ile bembea ya kupumzika. Wala usicheze ukiwa na njaa kali au umeshiba sana.

Ukumbini

Wote husafiri upande mmoja: kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, ukuta ukiwa kuliani kwa anayeongoza anapotazama mbele. Njia ya nje ni ya wanaokwenda kasi. Aliye polepole, au anayejifunza, asogee ndani kidogo. Kumpita mtu, pita upande wa ndani. Ukitaka kusimama, toka kwanza njiani. Anayesimama ghafla kwenye njia ya nje anagongwa, na kosa ni lake.

Kwenye kona za ukumbi ndipo wengi wanapopotea, kumbe hesabu yake ni nyepesi. Kwenye kona njia inapinda kushoto kwa robo duara. Ukiwa unazungukia kulia, huhitaji kumaliza duara zima hapo: geuka robo tatu tu, na utajikuta unaitazama njia mpya. Ukiwa unazungukia kushoto, ni kinyume, unahitaji duara na robo, na hiyo kwa kasi hii ni kazi ya wazoefu. Basi kabla ya kona vuka, uipite kwa mzunguko wa kulia, kisha urudi kushoto ukipenda kwenye upande mrefu unaofuata.

Jihadhari na mwanzo na mwisho wa nyimbo. Walzi nyingi za okestra zina utangulizi wa polepole ambao hauchezeki. Ile ya Danubi ya Buluu, ya Strauss mwana, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1867, ni mfano mzuri. Shikaneni, simameni, msubiri mpaka pigo la kwanza lisimame imara, na hata hapo mwache vipimo viwili vipite kabla ya kuondoka. Na mwishoni okestra huweza kupunguza mwendo kisha ikaongeza kasi ghafla. Mkiona hamwezi kufuata, fupisheni hatua na kuzunguka mahali pamoja.

Muziki ukikatika msiachiane papo hapo. Bakini mmeshikana kwa pumzi mbili tatu mpaka sakafu itulie, kisha anayeongoza amsindikize mwenzake hadi pembeni, wakipitia katikati ya ukumbi ikiwa njia ya nje imeanza kujaa wanaosubiri wimbo unaofuata.